Mchumba wangu anaendesha Probox

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 26, naishi Igoma. Mchumba wangu anaendesha mchomoko, Probox, kati ya Sengerema na Mwanza. Alipoleta posa, baba mdogo aliuliza anaendesha gari gani. Kusikia Probox akasema hatoi binti kwa watu wanaopakia abiria kama magunia na kukimbia kama wamefumaniwa. Angekuja na IST, anasema, wangezungumza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niliendesha Fuso miaka 22 kabla ya kuanza kufundisha udereva hapa Nyakato, na wakwe zangu wa Magu walinikataa mara mbili. Walisema dereva wa Fuso ni mlevi na ana mke kila kituo. Pombe sijawahi kuionja. Ndiyo maana maneno haya, kwamba wa V8 ni mheshimiwa, wa IST mtulivu, wa Probox muuaji, yananiuma mpaka leo.

Baba yako mdogo hajazua. Probox nyingi zinakimbizwa kweli, na kiti cha mbele wanabanwa abiria wawili. Lakini kinachozikimbiza ni hesabu, ile pesa ya kila siku ambayo dereva humpelekea tajiri, yaani mwenye gari. Toyota walianza kuzitengeneza mwaka 2002 kushika nafasi ya Corolla za mizigo. Ni gari la kazi, linavumilia barabara mbovu, na wenye magari wanalipenda kwa hilo. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, mafuta ni juu ya dereva, kinachobaki ndicho ugali wa nyumbani. Kijana huyohuyo mpe IST kwa hesabu ileile, utaona.

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, tulikuwa tunalala kwenye foleni ya kivuko. Usiku mmoja, upande wa Busisi, mama alishuka kwenye gari la nyuma kabisa na mtoto anayetetemeka kwa homa. Mbele yangu kulikuwa na Probox imejaa, zamu yake imefika. Dereva alishuka, akawaomba abiria wawili wampishe yule mama, akawarudishia nauli. Namuona hadi sasa: noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole, anazichomoa moja moja chini ya taa ya gari langu, na baada ya hapo mkononi hakubaki na kitu. Jina lake sikuliuliza, na hilo najilaumu.

Sasa wewe muulize mchumba wako, bila kuona haya: gari ni la nani? Hesabu ni shilingi ngapi? Analala saa ngapi? Mikanda ya kiti cha nyuma ipo, au ilikatwa? Akikujibu kwa hasira, tulia ufikiri upya, na hapo sitamtetea.

Kisha mwombe baba mdogo kwa adabu asafiri naye kutoka Sengerema, siku ya kawaida, kijana asiambiwe mapema. Akae nyuma yake. Hapo Usagara gari likijaa, asikilize kama anakataa abiria wa ziada. Wakiingia Buhongwa, watoto wa shule wamesimama kwenye alama za kuvukia, asitazame gari ni la aina gani. Atazame mguu wa kulia wa huyo kijana.