Kijana Anayesafisha Magari Atoze Kiasi Gani?

Swali: Habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Jumamosi na siku za likizo anasafisha magari majumbani kwa watu, nje na ndani, na gari lolote anatoza 10,000. Juzi alifanya Noah inayobeba nyanya kutoka Uyole, ikamchukua saa 6 yeye na mwenzake. Alimlipa mwenzake 4,000, bodaboda kwenda na kurudi 4,000, akarudi na 2,000 mkononi. Shampuu ananunua dumu la lita 5 kwa 30,000, dawa ya kusafishia ndani lita 1 kwa 10,000, mafuta ya matairi chupa ya nusu lita 8,000. Pampu ya presha tulimnunulia 180,000, vakyumu 120,000, brashi na vitambaa jumla 60,000. Akipandisha bei anaogopa kuambiwa kwamba barabarani wanaosha kwa 5,000. Apange vipi? *Mama, Soweto, Mbeya*

Jibu: Mama, ile 2,000 haikuwa faida. Humo bado hajatoa dawa alizomwaga wala uchakavu wa mashine, na akivitoa atakuta siku ile alikula hasara. Tuanze na gari dogo kama IST au Vitz, halafu tuirudie hiyo Noah.

Shampuu yake ni shilingi 6 kwa mililita. Gari dogo linahitaji kama mililita 60, ambazo ni 360. Dawa ya ndani ni shilingi 10 kwa mililita. Akiichanganya sehemu 1 kwa maji sehemu 10, gari zima ndani litakula mililita 100 za dawa yenyewe, yaani 1,000. Mafuta ya matairi mililita 10 kwa kila tairi, matairi manne ni 640. Jumla ya dawa ni 2,000. Apimie kwa kikombe chenye alama au kifuniko anachojua ujazo wake. Akimimina kwa macho, lile dumu litaisha mapema na hatajua pesa imekwendea wapi.

Uchakavu wengi huusahau kwa sababu hakuna anayekuja kuudai siku hiyo. Pampu na vakyumu ni 300,000. Tuseme vitadumu kwa magari 200, basi kila gari linachangia 1,500. Brashi na vitambaa vya 60,000 tuvihesabie magari 60, ambayo ni 1,000 kwa gari. Hiyo 2,500 iwekwe pembeni kila anapolipwa, kwenye akaunti au kopo lisiloguswa, kwa kuwa pampu ndogo hazidumu kama za gereji: zikiwashwa kavu bila maji, mpira wa ndani huungua. Ongeza bodaboda 4,000. Kabla hajajilipa hata senti, gari dogo limeshamgharimu 8,500. Kwa bei ya 10,000 kinachobaki ni 1,500 kwa kazi ya saa 4.

Sasa Noah. Gari kubwa lilimwaga dawa zaidi, tuseme 3,000. Ukijumlisha uchakavu 2,500, bodaboda 4,000 na mwenzake 4,000, unapata 13,500. Alilipwa 10,000. Kwa hiyo alimwongezea mwenye gari 3,500 kutoka mfukoni mwake na akafanya kazi saa 6 bure. Na huyo mwenzake, mama, 4,000 kwa saa 6 ni ndogo. Tungemhesabia 6,000.

Kinachofuata ni kuweka thamani ya saa yake. Aulize saidia fundi mtaani kwenu analipwa kiasi gani kwa siku, agawe kwa saa 8, na asishuke chini ya hapo. Halafu aongeze kidogo, kwa kuwa yeye anakuja na vifaa na ujuzi. Tuchukue 2,500 kwa saa. Gari dogo saa 4 ni 10,000, ukijumlisha 8,500 unapata 18,500. Juu yake aweke asilimia 15 kwa ajili ya kazi zitakazorudiwa, vifaa vitakavyovunjika na kununua vipya. Inafika 21,275, atoze 22,000. Noah: saa 6 ni 15,000, gharama 15,500 na mwenzake akiwemo, jumla 30,500. Ukiweka asilimia 15 inakuwa 35,075, basi atoze 35,000. Bei hizi zimetokana na namba ulizotuandikia. Duka likipandisha dawa, arudie hesabu.

Hizo saa 4 zenyewe asizikisie. Afungue saa ya simu na aandike kila hatua kwenye daftari kwa magari yake matano yajayo. Mgawanyo wa kawaida kwa IST ni karibu hivi: rimu na matairi dakika 25, bodi 35, kukausha 15, vakyumu 35, dashibodi na milango 40, siti na kapeti 60, vioo 15, ukaguzi wa mwisho 15. Akishaandika ataona kwamba siti na kapeti peke yake ni robo ya kazi, na si kila gari linahitaji kufuliwa siti. Hapo ndipo pa kugawa huduma. Nje na ndani bila kufua siti ni saa 3 na dawa pungufu kidogo, kwa hesabu ileile inakuja kama 18,000. Pamoja na siti, 22,000. Mteja anachagua mwenyewe, na kijana hagombani na mtu kuhusu kitu ambacho hakikuagizwa.

Na hao wa barabarani wa 5,000? Kazi yao ni tofauti, na akishindana nao kwa bei ndogo anajisumbua bure tu. Gari linapita, linamwagiwa maji, linafutwa, linaondoka. Hesabu ya kuosha nje tu nyumbani kwa mteja ni hii: dakika 75 ni 3,125, dawa 1,000, uchakavu 2,000, bodaboda 4,000. Jumla 10,125, na asilimia 15 inakwenda karibu 12,000. Hakuna atakayelipa hiyo, na ana haki ya kukataa. Kwa hiyo asipande bodaboda kwenda mitaa ya Forest wala Iyunga kuosha nje tu. Kazi hiyo aifanye kwa majirani anaowafikia kwa miguu akisukuma vifaa kwenye toroli, maana bodaboda ikiondoka hesabu inashuka hadi 7,000. Au aifanye kama gari la pili kwenye uwanja uleule. Punguzo pekee tunalolikubali ni lile linalotokana na gharama iliyookolewa kweli: magari mawili nyumba moja, nauli ni moja, basi la pili alipunguze 3,000 kwa roho nyeupe. Punguzo la “nisaidie tu dogo” halina mahali linapotoka isipokuwa kwenye saa zake.

Kuna uchafu ambao haumo kwenye bei ya kawaida, na lazima aseme kabla hajashika ndoo. Nyanya zilizopondeka, maziwa yaliyomwagika na matapishi ya mtoto vinaingia ndani ya sponji ya siti. Juu utasugua paonekane safi, lakini gari likipata jua harufu inarudi na mteja anapiga simu. Panatakiwa dawa inayovunja mabaki ya chakula, iachwe muda ulioandikwa kwenye chupa, inyonywe, na mara nyingi irudiwe. Aongeze saa moja na nusu na gharama ya hiyo dawa, na aseme wazi kwamba haahidi harufu itaisha yote.

Injini aikatae kwa sasa. Maji ya presha yakiingia kwenye altaneta, koili au boksi la fyuzi, gari haliwaki, na fidia yake itameza kazi za miezi. Ile desturi ya kupuliza dizeli ili injini ing'ae aiache kabisa, kwa kuwa mafuta hulainisha mipira na kukamata vumbi. Chini ya siti kuna nyaya, za njano zikiwa za mifuko ya hewa (airbag). Hapo aguse kwa kitambaa chenye unyevu tu, asimwage maji wala asichomoe soketi.

Kwa Mbeya, hali ya hewa nayo iingie kwenye bei. Juni mpaka Agosti, siti iliyofuliwa saa 8 mchana inalala mbichi na inaota ukungu. Miezi hiyo aanze saa 2 asubuhi, siti zote ziwe zimenyonywa maji kabla ya saa 6, na milango ikae wazi. Siku yenye ukungu wa kushinda aahirishe. Hii maana yake ni gari moja la siti kwa siku, si mawili, na asipokee oda mbili kwa tamaa. Masika watu huacha kuosha nje wakisema litachafuka kesho, lakini kapeti zimejaa tope jekundu. Hapo auze usafi wa ndani, na bei isishuke. Kiangazi, vumbi asilifute kavu hata mteja akiwa na haraka. Chembe zake huburutwa kwenye rangi na kuacha mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani, hasa kwenye magari meusi. Amwage maji kwanza kutoka juu kwenda chini, ndoo moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji, na kitambaa cha rimu kisifike kwenye bodi. Sabuni ya unga ya kufulia aiache nyumbani, inaondoa nta na punje zisizoyeyuka zinakwaruza.

Maji na umeme viwe vya mteja, na aseme hivyo wakati wa kupatana. Pampu ndogo hutoa kama lita 6 au 7 kwa dakika, kwa hiyo robo saa ya kubonyeza ni karibu madumu 5 ya lita 20. Bomba likikatika siku hiyo, mteja aweke maji kwenye pipa kabla hajafika, la sivyo wabadilishe siku.

Mwisho ni upande wako, mama. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba kisheria, wala hana leseni ya kuendesha gari. Kwa hiyo makubaliano yapite kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi: gari gani, huduma ipi, bei, siku. Malipo nayo yapokelewe kwako. Gari liegeshwe na mwenyewe kivulini kabla hajaondoka, na kijana asilisogeze hata futi moja. Kabla ya tone la kwanza la maji apige picha pembe nne za gari, rimu zote, kioo cha mbele, na siti. Mkwaruzo wowote wa zamani aupige karibu, amwonyeshe mwenye gari papo hapo. Kioo cha pembeni kilicholegea au kitasa kilichovunjika nusu kikigunduliwa jioni, bila picha, lawama itakuwa ya kijana.

Swali: Shikamooni. Nina miaka 17, nasafisha magari Kihesa. Wateja wananiomba ning'arishe taa za mbele zilizokuwa njano. Nilitumia dawa ya meno, zikang'aa, baada ya wiki chache zikarudi vilevile na mteja anataka hela yake. Nitoze kiasi gani, na nilikosea wapi? *Kijana, Iringa*

Jibu: Marahaba. Taa hizo ni plastiki, na zikitoka kiwandani zina ngozi nyembamba ya kuzuia jua. Ngozi hiyo ikichakaa, jua hushambulia plastiki yenyewe, na huku nyanda za juu jua ni kali hata siku za baridi. Dawa ya meno iling'arisha juu tu na ikaiacha plastiki uchi. Bandika utepe wa karatasi (masking tape) kwenye rangi kuzunguka taa, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, kila namba ukisugua hadi mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe. Taa iwe na maji muda wote. Futa, piga polishi, safisha mafuta yote kwa spiriti, halafu pulizia vanishi ya kuzuia miale ya jua. Bila hatua hii ya mwisho usitoze mtu, kwa maana utairudia.

Taa mbili ni kazi ya saa 2. Kwa saa ya 2,500 ni 5,000, msasa na dawa tuseme 6,000, nauli 4,000. Ukiweka asilimia 15 ni 17,250. Ukiifanya siku hiyohiyo unaposafisha gari, nauli umeshailipwa, basi 13,000 inatosha. Taa ikiwa na ukungu au maji kwa ndani usiipokee, msasa wa nje haufiki huko. Huyo mteja wa kwanza mrudie taa zake kwa utaratibu huu, naye alipie vanishi tu.

Swali: Mteja wa mwanangu, hapa Makambako, anataka kuoshewa kila wiki na kulipa mwisho wa mwezi, kwa bei ya jumla. Akubali? *Baba, Makambako*

Jibu: Akubali kila wiki, asikubali mwisho wa mwezi. Gari linalooshwa kila wiki halijakaza uchafu, dakika 75 za kuosha nje hushuka hadi 45, na ni hizo dakika 30 zilizookolewa ndizo za kupunguza: kwa saa ya 2,500 ni 1,250 kila safari, 5,000 kwa mara nne. Mteja alipe mara mbili mbele, kisha mara mbili nyingine katikati ya mwezi. Mvua ikiharibu siku, kazi isogezwe, isifutwe. Na kabla ya kuahidi, mzee, tazameni ratiba ya mitihani ya shule: wiki hizo zitolewe kwenye makubaliano tangu mwanzo, mteja akijua, na malipo yake yasichukuliwe.