Kwa Anayeanza Kuweka Daftari la Kila Siku

Nilipoanza kuandika kila siku nilidhani kazi ni kuwa na mawazo makubwa. Jioni ya kwanza nikaandika: "Leo nimetazama filamu nzuri sana, imenigusa." Daftari hilo ninalo hadi leo, ila sikumbuki ilikuwa filamu gani, wala kilichonigusa ni nini. Kwa hiyo wewe unayeanza, ombi langu la kwanza ni hili: usiandike ulivyojisikia kabla hujaandika ulichokiona. Andika mkono uliotetemeka ukifungua barua, au taa iliyozimwa kabla mtu hajamaliza kusema. Ukija kuyasoma, hisia zitarudi zenyewe.

Kuna zoezi ninalolipenda mno. Filamu za ndugu wawili Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza wa filamu, walizozionyesha Paris kwa watazamaji waliolipa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895, zilikuwa za sekunde 50 hivi kila moja, maana mkanda wenyewe uliishia hapo. Kamera ilisimama mahali pamoja. Wafanyakazi wakatoka kiwandani, wakapita, basi. Nawe fanya vivyo hivyo: chagua pa kukaa, tulia, uandike yanayopita mbele ya macho yako kwa muda huo tu, bila kugeuza shingo. Utashangaa ukurasa unavyojaa. Mimi hulifanya asubuhi kabla sijazungumza na mtu, na siku nikiliruka naliona pengo lake katika maandishi ya jioni.

Hata kama huna nia ya kuwa mshairi, jifunze kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Shairi la Kiswahili lililozoeleka lina mizani 16 kwa mshororo, yaani mstari: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Niliwahi kuwa na sentensi hii: "Hii ni picha ya zamani ya marehemu baba yangu ambayo kwa upande wake wa nyuma kuna jina lililoandikwa." Nikaihesabu kwa vidole, nikakata, nikahesabu tena, ikabaki hivi:

Picha hii ya babangu, nyuma yake pana jina.

"Upande" na "lililoandikwa" yaliondoka na sikuyatafuta tena. Neno "marehemu" liliniuma. Nililitafutia mshororo wake peke yake, na huo ndio ukawa moyo wa shairi. Nathari yako pia itafaidika. Ukishazoea kuhesabu, neno lisilo na kazi utalisikia likigonga hata katika barua ya kikazi.

Sasa habari za ukoo, ambazo nazo utaziandika daftarini. Hapa nawaona wengi wanaoanza wakikimbilia juu, wakitaka kufika kwa babu wa mwanzo kabisa. Hebu piga hesabu: wazazi 2, mababu na mabibi 4, kisha 8, kisha 16. Kizazi cha 10 kinakupa nafasi 1,024. Ukifika cha 30 zimepita bilioni moja, kuliko watu wote waliokuwa duniani wakati huo. Yaani mtu yule yule anajirudia katika nafasi nyingi za mti wako. Huko juu sote tumechanganyika. Anza na wale ambao bado yupo mtu anayeikumbuka sauti yao, kwa sababu hao wanatutoka kila mwaka.

Na namna ya kuuliza ni muhimu kuliko wingi wa maswali. Mara ya kwanza nilimwendea shangazi na karatasi: nani alizaliwa lini, nani alimzaa nani. Alinijibu "sijui, mwanangu" mara nne, nikaona namchosha. Mara ya pili nilikwenda na ile picha. Baba ni kijana mdogo, amesimama mlangoni, kamba ya kiatu cha kushoto imefunguka. Nikauliza, "Shangazi, huu mlango ni wa kwa nani?" Akaichukua, akaifuta kwa kiganja, akaanza kunieleza. Alizungumza hadi giza likaingia. Jina lililoandikwa nyuma kwa penseli, ambalo nililidhani ni la jamaa yetu, lilikuwa la mwenye nyumba, mama asiye ndugu yetu kabisa, aliyemlipia baba karo.

Kosa langu siku ile ni kwamba niliandika hadithi bila tarehe na bila kutaja msimulizi. Baadaye nilipoipata kwa mdomo mwingine nilishindwa kujua lipi nililisikia kwa nani, ikanibidi nirudi kwa shangazi kuuliza upya. Usilirudie kosa hilo. Yaliyosimuliwa yatenge na yale uliyoyasoma kwenye cheti, na jina liandike kama lilivyotamkwa hata kama cheti kina tahajia nyingine.

Shangazi anasema aliyelipa karo ni mwenye nyumba. Baba mdogo anasema ni mwalimu wake. Nimeyaandika yote mawili, kila moja na tarehe yake na aliyelisema, na katikati nimeacha mistari mitatu mitupu.