Dakika kumi za kumzungumzia Sayyidna Umar

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umesema umepewa dakika 10 kuzungumza na vijana wa madrasa juu ya Sayyidna Umar bin Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu, na hujui uanzie wapi.

Usianze na vita. Ukiorodhesha nchi zilizotekwa enzi yake, Shamu (Siria na jirani zake), Iraki na Misri, dakika zitaisha na vijana watakuwa wanapiga miayo. Anza na Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 Hijria (639), ukame ulipolikausha eneo la Hijazi, penye Makka na Madina, na wenye njaa wakamiminika Madina. Umar aliapa hataonja samli wala nyama mpaka watu washibe. Akala mkate kwa mafuta hadi rangi yake ikabadilika. Aliwaandikia magavana wake, na Abu Ubayda, gavana wake wa Shamu, akaleta misafara ya chakula kutoka Shamu. Mwaka huo pia alisimamisha adhabu ya kukata mkono kwa wizi, maana mwenye njaa kaiba kwa dhiki. Hapo tulia, waache waulize; mimi mwenyewe hapo ndipo nilipompenda.

Kalenda ya Hijria na diwani (daftari la wanaolipwa posho na serikali), alivyovianzisha yeye, vitaje kwa kifupi. Malizia na mwaka 644: amechomwa kisu, bado anaunda shura (baraza) ya watu sita wa kumchagua khalifa atakayemfuata, na anakataza mwanawe Abdullah asichaguliwe.