Seti ya chai ya zamani: igonge kwanza, isome baadaye

Ukitafuta seti ya chai ya zamani hapa Nairobi, usikimbilie kugeuza kikombe ili usome kilichoandikwa chini. Muuzaji wa vyombo pale soko la Gikomba amewaona wengi wakigeuza, na akiona macho yako yametua kwenye neno England, bei inapanda kabla hujauliza. Mimi hukishika kikombe kwanza. Nikisharidhika kwamba ni kizima, ndipo natafuta kilikotoka na umri wake.

Kiweke juu ya kiganja kilichokunjuliwa, usikikumbatie, kisha ukigonge ukingoni taratibu kwa ukucha. Kauri nzima hulia, mlio mwembamba unaokawia kuisha. Yenye ufa hutoa sauti fupi iliyofifia, hata kama ufa wenyewe huuoni. Vikombe vya udongo mzito havilii sana hata vikiwa vizima, kwa hiyo linganisha kimoja na mwenzake wa seti ileile. Pitisha ncha ya kidole ukingoni, mzunguko mzima, halafu pale mkono wa kikombe unapoungana na mwili. Pengo dogo kidole hulikuta kabla ya jicho.

Sasa kiinue kwenye mwanga. Kauri ya Kiingereza iliyoandikwa "Bone China" huwa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, karibu nusu ya mchanganyiko wake, na ndiyo maana ni nyembamba, nyeupe, na hupitisha mwanga hadi ukaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ni mfinyanzi Josiah Spode wa Stoke-on-Trent, Uingereza, aliyeukamilisha mchanganyiko huo mwishoni mwa karne ya 18. Ukibahatika kukiona kivuli hicho kwa mara ya kwanza, utaelewa kwa nini baadhi yetu tunazunguka sokoni na vumbi lote lile.

Kuna kifaa kimoja ninachokipendekeza kwa kila mtu: ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Gundi na rangi ya kurekebishia vyombo mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Jifunike leso upate giza, mulika mkono wa kikombe, mdomo wa birika na kishikio cha kifuniko, maana hapo ndipo panapovunjika. Chombo kilichounganishwa kwa gundi usikitilie chai ya moto. Kama unakipenda sana, kinunue kwa bei ya pambo.

Birika lina mambo yake. Watu wengi huikataa seti kwa sababu haina birika, wakidhani limepotea. Seti ya kawaida ya Kiingereza ya vipande 21 haikuwa na birika tangu dukani: vikombe 6, visahani 6, sahani ndogo 6, jagi la maziwa, bakuli la sukari na sahani moja kubwa ya keki. Birika liliuzwa kando. Kwa hiyo ukikuta vipande 21, hiyo ni seti kamili, usikubali kuambiwa vinginevyo na wala usiombe punguzo kwa kosa lisilokuwepo. Jagi la maziwa likikosekana, hilo ni pungufu kweli, ingawa sisi tunaochemsha chai na maziwa pamoja kwenye sufuria hatutalikumbuka sana.

Ukinunua birika, chungulia ndani penye mdomo. La chai kwa kawaida lina vitundu vya kuchujia majani. Lile refu, jembamba, lenye tundu moja, ni la kahawa, na wauzaji huyachanganya. Vitundu hivyo huzibwa na malai, hivyo chuja chai yako kabla ya kuimimina. Jaza maji halafu uyamimine palepale sokoni, muuzaji akikuruhusu. Birika linalochuruzika chini ya mdomo litakuharibia kila kitambaa cha meza utakachokuwa nacho. Na kifuniko kijaribu: kikicheza sana, huenda kimeazimwa kutoka birika jingine.

Haya, sasa geuza usome. Neno England peke yake kwa kawaida linamaanisha chombo ni cha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko zitaje nchi zilikotengenezwa. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Kwa vyombo vya Japani, Nippon ni ya kabla ya 1921. Baada ya hapo utakuta Japan. Ukikuta alama ya almasi yenye herufi na namba pembeni, furahi, maana Uingereza iliitumia kusajili miundo kati ya 1842 na 1883.

Ila mwaka ulioandikwa waziwazi usiuamini haraka. Maua mekundu na ya manjano ya muundo wa Old Country Roses wa kampuni ya Royal Albert yanapendwa sana hapa mjini, na chini yake utasoma 1962. Huo ni mwaka muundo ulipoanza kuuzwa. Vikombe vilivyotengenezwa miongo kadhaa baadaye vina mwaka uleule. Kampuni nyingine huandika mwaka zilipoanzishwa. Muuzaji akikuambia, "Dada, hii ni ya 1759," mjibu kwa heshima kwamba huo ni umri wa kampuni.

Vya chuma nitavitaja kwa ufupi. Chombo chenye herufi EPNS ni cha mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu. Ni vizuri mezani, lakini usilipe bei ya fedha. Fedha halisi ya Uingereza ina simba anayetembea, na sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha tupu.

Mbali na Gikomba, napenda kupita soko la Toi, na kwenye mauzo ya nyumbani ya watu wanaohama nchi, hasa pande za Gigiri na Lavington. Huko unamkuta mwenye vyombo mwenyewe, anakuambia vilitoka kwa nani. Nenda mapema, na usichoke kuuliza kama kuna katoni nyingine haijafunguliwa.

Kuhusu afya nasema bila kuzunguka: vyombo vya zamani vingine vina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, katika rangi au katika ule ung'avu wa juu. Kikombe chenye mipasuko midogo kama utando wa buibui, au chenye michoro iliyopakwa ndani na inayobanduka, usikinywee, hasa chai ya ndimu, kwa kuwa ukali wa ndimu huivuta risasi. Watoto usiwape kabisa.

Vilivyo salama, tafadhali vitumieni. Inaniuma kuona seti nzuri imefungiwa kabati la sebuleni ikingoja mgeni asiyekuja. Suuza birika kwa maji ya moto kabla ya kumimina chai iliyotoka jikoni, lisishtuke likapasuka. Osha kwa mkono, kwenye beseni lenye kitambaa chini. Weusi wa chai usugue kwa magadi ya kuokea na kidole, usitumie jiki, na chenye ukingo wa dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu. Vikombe usivipandishe kimoja ndani ya kingine. Visahani vitenganishe kwa karatasi laini. Na kama kimoja kimekosekana, weka kwenye simu picha ya mchoro, picha ya chapa ya chini na kipimo cha upana wake, uwe navyo kila unapopita sokoni.