Anacheza piano au anapiga piano?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha kwaya hapa Kirumba, Mwanza, na huwa nawatumia wanakwaya maelezo mafupi ya watunzi wa nje kwenye simu. Juzi niliandika: "Ludovico Einaudi ni Mwitaliano anayecheza piano. Amecheza filamu kadhaa, ikiwemo Intouchables." Shemeji yangu akajibu kwamba filamu hiyo ameitazama yote na huyo mzee hayumo. Nimekosea wapi? Na muziki wake niuite wa filamu au wa kifilamu?

JIBU: Marahaba. Shemeji kasoma sawasawa kilichoandikwa. Anayecheza filamu ni mwigizaji, kwa hiyo alikuwa na haki ya kumtafuta mtu wako kwenye kioo.

Tuanze na piano. Ala ya muziki hupigwa: gitaa hupigwa, marimba hupigwa, hata filimbi, ambayo kwa kweli hupulizwa, tunasema imepigwa. Kucheza ni kazi ya mwili. Nenda Bujora, pale Kisesa njia ya Musoma, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi wa Juni, utawaona wote kwa pamoja. Mpiga ngoma kainamia ngoma yake, mikono haipumziki. Mbele yake wachezaji wa bugobogobo wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza hatua. Mwambie yule wa ngoma kwamba anacheza vizuri, atageuka kuangalia unamsifu nani.

"Kucheza piano" tumekutoa kwenye Kiingereza, ambako kitenzi kimoja hutosha kwa mpira, gitaa na maigizo. Kumeenea, hasa kwa vijana, na siwezi kudai hakueleweki. Mimi sikutumii. Ona kinachotokea ukiongeza herufi moja tu: "anachezea piano". Hapo umemgeuza mtunzi wa watu kuwa mtoto anayebonyezabonyeza mpaka mama aje amtoe.

Sasa filamu. Ukisahihisha kwa kuandika "alitunga muziki wa Intouchables", sarufi itakaa sawa lakini habari itakuwa na kasoro. Filamu hiyo ya Kifaransa ilitoka 2011. "Una Mattina" inayosikika humo ilikuwa kwenye albamu yake ya 2004, na "Fly" kwenye Divenire ya 2006. Wenye filamu waliukuta muziki upo, wakauchukua. Andika basi "muziki wake umetumika katika Intouchables", na kauli ya kutendeka itakuwa imesema ukweli wote kwa neno moja. Nomadland ya 2020 ni vivyo hivyo, ilichukua kutoka albamu yake Seven Days Walking ya 2019. Doctor Zhivago, tamthilia ya televisheni ya 2002, ni habari nyingine: hiyo aliitungia muziki hasa. Tazama kazi inayofanywa na kauli ya kutendea hapo. Kutunga ni kutunga tu. Kutungia ni kutunga ukijua unamtungia nani au unakitungia nini.

Hilo linatufikisha kwenye "kifilamu". Muziki wa filamu una filamu yake. Muziki wa kifilamu una tabia ya filamu, filamu yenyewe iwepo isiwepo. Gari la jeshi ni mali ya jeshi, ila mwendo wa kijeshi hata skauti wa shule ya msingi anautembea. Mwaka 2016 Einaudi alipiga "Elegy for the Arctic" kule Svalbard, Norwei, piano ikiwa juu ya jukwaa linaloelea na barafu ikimeguka nyuma yake, katika kampeni ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira. Kipande hicho hakikutungiwa filamu ya sinema, lakini ukifumba macho unaona picha zinapita. Hicho ndicho cha kuitwa cha kifilamu. (Nimesema kipande kwa makusudi. Wimbo huimbwa, na hapo hakuna anayeimba. Najua mtaani kila kinachotoka kwenye spika ni wimbo, au ngoma, na sina nguvu za kupigana na mtaa.)

Kwa aina ya muziki wenyewe, "klasiki mamboleo" inatosha kabisa. Na kwa kuwa wanakwaya wako wakisikia "kinanda" watafikiria kile cha kanisani, chake kiite piano.

Mimi ningewatumia hivi: "Ludovico Einaudi, aliyezaliwa Torino, Italia, mwaka 1955, ni mtunzi na mpiga piano wa klasiki mamboleo. Alisomea muziki Milano, na mmoja wa walimu wake alikuwa mtunzi Luciano Berio. Ameitungia muziki tamthilia ya Doctor Zhivago, na vipande vyake vingine vimetumika katika filamu za Intouchables na Nomadland. Muziki wake ni wa kifilamu hata pale usipokuwa na filamu."