Chumvi na changarawe kwenye barabara zenye barafu: kila kimoja kina kazi yake

Mkuu, umeuliza kama kumwaga chumvi na changarawe barabarani msimu wa theluji kunapunguza ajali kweli, au ni fedha zinatupwa. Chumvi inapunguza, tena sana, mradi imwagwe mapema na baridi iwe haijapitiliza. Changarawe inasaidia kiasi, kwa muda mfupi. Tatizo wengi huvihesabu kama kitu kimoja.

Angalia breki kwanza. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu, husimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki ziliposhika. Kwenye barafu tupu linahitaji karibu mita 100. Mwaga changarawe juu ya barafu hiyohiyo, zinashuka hadi 40 hivi. Chumvi ikishaiyeyusha na kubaki lami iliyolowa, ni mita 20 hadi 25. Kwa hiyo changarawe inaokoa mita nyingi, lakini bado unahitaji karibu mara tatu ya umbali wa lami kavu. Dereva anayeiona na kurudi kwenye mwendo wake wa kila siku anajiweka hatarini.

Chumvi haipashi barafu moto. Inashusha nyuzi za joto ambazo maji huganda. Punje moja ikitua juu ya barafu huvuta unyevu na kugeuka tone la maji ya chumvi. Tone hilo linatoboa kwenda chini mpaka kwenye lami, kisha linatambaa chini ya barafu na kuibandua. Kuanzia hapo matairi na gari la kukwangua theluji ndiyo yanayomalizia. Punje za mpaka milimita 6 zinafaa kwa barafu iliyokwisha kushika kwa sababu zinazama kabla ya kwisha. Chumvi laini huisha juujuu.

Faida kubwa iko kwenye kuzuia barafu isishike. Usiku ambao unyevu utaganda, gramu 10 hadi 20 kwa mita ya mraba zinatosha, zikimwagwa kabla lami haijafika sifuri. Gramu 20 ni kama kijiko kimoja cha chakula, basi. Barabara ya upana wa mita 7, kwa gramu 15, inakula kilo 105 kila kilomita. Ukisubiri barafu ishike, kiasi hicho kinazidi mara mbili, na magari yameshateleza. Chumvi kavu kwenye lami kavu hurushwa pembeni na matairi, kwa hiyo huloweshwa inapomwagwa: sehemu 70 za chumvi kwa 30 za maji ya chumvi, kwa uzito. Maji hayo yawe na chumvi asilimia 23, yaani gramu 300 hivi kwa kila lita ya maji. Ukizidisha, yanaanza tena kuganda mapema.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwenye nyuzi -1, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwenye -7 inashuka hadi kilo 8 na ushei. Chini ya -9 inafanya kazi polepole mno, ingawa kikomo cha maabara ni -21. Kwa baridi kali zaidi hutumika chumvi za aina nyingine, kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu. Pima joto la lami yenyewe, si la hewa. Daraja huganda kabla ya barabara inayoingia humo kwa sababu upepo unalipoza juu na chini.

Baridi ikizidi hivyo, changarawe inachukua nafasi: punje zenye kingo kali, milimita 2 hadi 4, gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, kwenye miteremko, makutano na njia za waendao kwa miguu. Kwenye barabara yenye magari mengi ya kasi hupeperushwa upesi. Norwei huichanganya na maji ya moto, punje zikaganda kwenye barafu na kushika vizuri zaidi. Kuchanganya chumvi na changarawe nusu kwa nusu mimi sishauri: chumvi inayeyusha sakafu ambayo changarawe ilipaswa kung'ata. Chumvi kidogo ya kuzuia rundo la changarawe lisigande ghalani ni sawa. Theluji ikiisha, changarawe ifagiliwe, maana juu ya lami tupu inatelezesha pikipiki kwenye kona na kuziba mifereji.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Marquette, Marekani, wa 1992, ulikuta kiwango cha ajali kwenye barabara za njia mbili kikiwa karibu mara nane zaidi kabla ya chumvi kuliko baada yake. Huo ulilinganisha saa chache kabla na baada ya kumwaga, si msimu mzima, kwa hiyo usiutumie kuhesabu ajali za mwaka. Gharama nayo ipo: kutu kwenye magari na nondo za madaraja, na chumvi inayoingia visimani haitoki kwa urahisi. Ndiyo maana gramu zipimwe.

Na theluji nene ikwanguliwe kwanza. Ukiitupia chumvi ilivyo, inageuka uji, maji yanaizimua chumvi, na jioni joto likishuka yanaganda upya yakiwa laini kama kioo, mabaya kuliko theluji uliyoanza nayo.