Alina aliishia kwa Mal

Dada yangu, umeuliza Alina anaishia kwa nani, na kama Darkling si mchumba aliyeonewa tu. Katika vitabu vitatu vya Shadow and Bone, riwaya za njozi, Alina, msichana mwenye nguvu za jua, anaishia kwa Mal, rafiki yake wa utotoni, wala si kwa Darkling, bwana wa giza anayewaongoza Grisha (watu wenye nguvu za ajabu), wala kwa Nikolai, mwana wa mfalme. Kitabu cha tatu, Ruin and Rising cha mwaka 2014, kinamalizia kwa wawili hao kurudi Keramzin, kwenye nyumba ya mayatima walikokulia, ilhali Alina ameshapoteza nguvu zake za jua na watu wanaamini kwamba amekufa. Nimekisoma mara mbili, katika nakala moja tuliyokuwa tukipokezana mtaani kwetu Michenzani mpaka jalada likabanduka. Mkanganyiko umeletwa na tamthilia ya Netflix, ambayo msimu wake wa pili, wa mwaka 2023, uliwatenganisha: Mal akaenda zake baharini, Alina akabaki na Nikolai.

Wanaomhurumia Darkling nawaelewa, kwani aliwaona Grisha wenziwe wakiwindwa na kuuawa, na anapokaribia kukata roho anamwomba Alina alitaje tena jina lake la kweli, Aleksander. Kila nikifika hapo machozi hunilenga. Lakini ni huyo huyo aliyelisukuma giza likaufunika mji wa Novokribirsk pamoja na watu wake, mbele ya mabalozi wa nchi za nje aliokusudia kuwatisha, na nguvu alizozitumia ni za Alina mwenyewe, ambaye Darkling alikwishamvisha shingoni kola ya pembe za paa bila ya ridhaa yake, ili azitawale nguvu hizo. Kola hiyo ndiyo inayonizuia mimi kumwita mchumba aliyeonewa.